Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Barabarani cha Fundi wa Daraja la Paa

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja: madaraja ya mbao yenye paa ya Marekani, na vile vibao vya metali vinavyosimamishwa kando ya barabara kuwakumbuka mafundi walioyajenga.

SWALI (Indiana): Karibu na tunapoishi kuna daraja la mbao lenye paa. Wazee wa hapa wanasema lilijengwa na fundi wa kijiji hikihiki, lakini kipeperushi cha utalii kinaliita "daraja la Burr". Chama chetu cha historia kinataka kumsimamishia fundi wetu kibao. Je, huyu Burr ni nani, na sisi tuanzie wapi?

JIBU: Burr hakujenga daraja lenu. Theodore Burr alikuwa fundi wa mashariki. Daraja lake la Waterford, New York, lilikamilika mwaka 1804, na mwaka 1817 alipata hataza (haki rasmi ya mbunifu) ya kenchi, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba daraja, inayoitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1822. Daraja la paa kongwe kuliko yote yaliyobaki Indiana, lile la Ramp Creek, ni la 1838. Kwa hiyo "daraja la Burr" ni aina ya kenchi tu. Ingieni ndani mtazame ubavuni: mkiona nguzo za wima na mihimili ya mshazari, kisha upinde mkubwa wa mbao umezibana nguzo hizo pande zote mbili na miguu yake inashuka kukanyaga ukuta wa mawe chini ya sakafu, hiyo ndiyo kenchi ya Burr. Ithiel Town, mbunifu wa kenchi nyingine, naye ana madaraja mengi yanayobeba jina lake ambayo hakuyagusa. Alichukua hataza mwaka 1820, akawa anauza haki ya kutumia mchoro wake.

Hapa ndipo vibao vingi huharibika. Neno "alijenga" linaficha watu wanne: aliyebuni kenchi, aliyeshinda zabuni ya kazi ya mbao, mwashi aliyejenga kuta za mawe za ukingoni (mara nyingi alikuwa na mkataba wake mwenyewe), na fundi aliyelikarabati miaka thelathini baadaye akapaka jina lake juu ya mlango. Kabla ya kujaza fomu yoyote, amueni fundi wenu ni yupi kati ya hao, kisha mtafute karatasi inayosema hivyo.

Karatasi hiyo kwa kawaida imo kwenye vitabu vya kumbukumbu za vikao vya makamishna wa kaunti. Kosa la kwanza la watafutaji ni kuliulizia daraja kwa jina lake la leo. Makamishna hawakulijua jina hilo. Waliandika "daraja la kijito fulani karibu na kinu cha fulani". Tafuteni kwa jina la mto, jina la barabara na jina la mwenye kinu au shamba la jirani, na muanze miaka miwili kabla ya mwaka mnaoudhania. Mnachokitafuta ni mlolongo: azimio la kujenga, tangazo la zabuni, jina la mshindi na bei yake, malipo ya awamu, halafu siku makamishna walipolikagua na kulipokea. Tangazo la zabuni lilitoka gazetini pia, na magazeti mengi ya zamani yamewekwa bure kwenye mkusanyiko wa Chronicling America wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Maktaba hiyohiyo ina michoro na picha za Historic American Engineering Record, mradi wa kumbukumbu za kazi za kihandisi ulioanza mwaka 1969, na madaraja kadhaa ya paa yamepimwa humo hadi kipande cha mwisho.

Daraja lenyewe nalo ni shahidi, ila ni shahidi wa kuhojiwa kwa tahadhari. Kule kaunti ya Parke, Indiana, watu hutofautisha kazi ya fundi J. J. Daniels na ya fundi J. A. Britton kwa umbo la mlango: wa Daniels umepinda kama tao, wa Britton umenyooka na pembe zake za juu zimekatwa mshazari. Ni dalili nzuri. Lakini mlango ni mbao nyembamba za usoni, ndizo za kwanza kugongwa na lori na za kwanza kubadilishwa. Kenchi haidanganyi kirahisi hivyo. Nondo za chuma za wima zenye nati ni kenchi ya Howe, ya hataza ya 1840, kwa hiyo daraja lenye kenchi hiyo haliwezi kuwa la 1835. Hata hapo chungulieni: nondo nyingi zilipachikwa wakati wa ukarabati ili kuinua sakafu iliyolegea. Tundu lililotobolewa katikati ya mbao bila kiungo chochote ni alama ya mgeni aliyekuja baadaye.

Namba za Kirumi zilizochongwa kwa patasi kwenye viungo haziwapi jina la fundi. Zinaonyesha tu kwamba kenchi iliunganishwa kwanza uwanjani, ikafumuliwa, kisha kila ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa) ukarudishwa kwenye tundu lake mtoni. Na kila daraja la paa lina namba yake katika orodha ya World Guide to Covered Bridges, ya mafungu matatu: jimbo, kaunti, daraja. Indiana ni 14. Namba ikifuatwa na alama ya #2, mjue lililopo limesimama mahali pa lingine lililotangulia, na huenda fundi wenu alijenga lile la kwanza.

SWALI (Georgia): Rasimu yetu ya maandishi imerudishwa mara mbili. Tuliandika: "Horace King, fundi mkuu kuliko wote wa Kusini, alizaliwa mtumwa lakini kwa bidii yake alinunua uhuru, akajenga madaraja zaidi ya mia moja, likiwemo hili la Red Oak Creek lililo refu kuliko yote Georgia." Kosa liko wapi? Mtu huyu anastahili sifa.

JIBU: Anastahili, na ndiyo maana msimpe sifa zinazoweza kung'olewa na mtu mwenye futi ya kupimia.

"Mkuu kuliko wote" hakuna anayeweza kulithibitisha wala kulipinga, basi linakula nafasi bure. "Zaidi ya mia moja" inahitaji orodha, mnayo? Kuhusu uhuru, kilichopo kwa maandishi rasmi ni sheria ya Bunge la Alabama ya mwaka 1846. Andikeni hiyo. Na urefu: daraja la paa refu zaidi Georgia ni Watson Mill, futi 229, la mwaka 1885, nalo ni kazi ya Washington W. King, mwanawe Horace. Baba na mwana wamechanganywa mara nyingi kwa sababu wote wawili walitumia kenchi ya Town, ile ya mbao zinazopishana kama wavu na kushikwa kwa vigingi vya mti.

Jaribuni hivi: "HORACE KING (1807–1885). Alizaliwa utumwani Carolina Kusini. Kuanzia miaka ya 1830 alijenga madaraja ya mbao juu ya mto Chattahoochee akiwa na John Godwin, aliyekuwa bwana wake. Sheria ya Bunge la Alabama ilimpa uhuru mwaka 1846. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alikuwa mjumbe wa bunge hilohilo. Daraja la Red Oak Creek linahusishwa naye."

Hayo hayafiki maneno 60, na hamna sifa hata moja ndani yake. Bunge lililomwachia huru ndilo alilokuja kukalia kiti; msomaji ataliona mwenyewe akiwa amesimama pale. Neno "linahusishwa" msilionee haya. Mkipata mkataba wenye jina lake, libadilisheni liwe "alijenga". Msipoupata, liacheni.

Kuhusu "refu kuliko yote" na "kongwe kuliko yote", tazameni Cornish–Windsor. Daraja hilo la futi 449, linalounganisha New Hampshire na Vermont, lilijengwa mwaka 1866 na James Tasker na Bela Fletcher. Kwa miaka mingi lilitajwa kuwa daraja la paa refu kuliko yote Marekani. Mwaka 2008 kaunti ya Ashtabula, Ohio, ikafungua daraja la Smolen–Gulf lenye futi 613. Kipeperushi hupigwa chapa upya. Kibao cha metali ya kusubu (iliyomiminwa kwenye kalibu) hakipigwi. Kama hamna budi kutaja urefu, andikeni namba na mseme mlipima nini, kwa sababu nafasi iliyo wazi kati ya kuta mbili, urefu wa kenchi na urefu wa paa ni vipimo vitatu tofauti, na ugomvi mwingi wa "letu ni refu" umetokana na hapo.

SWALI (Pennsylvania): Je, ni kweli madaraja yaliezekwa ili farasi wasiogope maji?

JIBU: Si kweli. Paa ni la kenchi. Mbao zikiachwa wazi, maji huingia kwenye viungo, hasa palipo na ulimi na tundu ambapo hayakauki, na daraja huoza ndani ya miaka kumi hadi ishirini. Likiezekwa na kuzibwa ubavuni, kenchi ileile hupita miaka mia. Daraja la kwanza la namna hiyo Marekani lilikuwa kwenu, Philadelphia, juu ya mto Schuylkill: Timothy Palmer alilimaliza mwaka 1805, na aliyesisitiza liezekwe alikuwa jaji Richard Peters. Wala paa halikuwekwa kuzuia theluji. Wakati wa baridi watu walilipwa kumwaga theluji ndani ya daraja ili magari ya kuteleza yapite. Hadithi ya farasi isiingie kwenye kibao chenu hata kwa "inasemekana".

SWALI (New York): Nani anatoa kibali na nani analipa? Na tukikosea herufi?

JIBU: Inategemea jimbo, na sharti hutofautiana sana. Pennsylvania, kwa mfano, inataka mtu awe na umuhimu wa jimbo zima au wa taifa. Fundi aliyejulikana katika kaunti moja tu atakataliwa, kwa hiyo maombi yaonyeshe kazi zake nje ya kaunti au jambo alilolianzisha. Kwenu New York, mfuko wa William G. Pomeroy hulipia kibao, nguzo na usafirishaji, lakini hauchukui maombi ya mtu binafsi. Mwombaji ni halmashauri, taasisi ya elimu isiyo ya faida, au chama kisicho cha faida kilichosajiliwa. Unataka pia nyaraka za wakati wenyewe. Kitabu cha historia ya kaunti kilichoandikwa miaka hamsini baada ya daraja hakihesabiwi kuwa waraka wa wakati huo, hata kiwe kikubwa namna gani.

Kwa majimbo mengine, ulizeni ofisi ya historia ya jimbo kabla ya kuchangisha hata dola moja. Rangi nazo hazichaguliwi na chama: New York ni buluu na dhahabu, Ohio ni kahawia na dhahabu, New Hampshire ni kijani na nyeupe. Mkitengeneza chenu kwa kuiga rangi na nembo ya jimbo bila idhini, mtaambiwa mkiondoe.

Herufi zikishakosewa, hakuna marekebisho. Vibao hivi ni alumini ya kusubu. Herufi hupangwa juu ya bamba la mfano, mchanga hushindiliwa juu yake upate umbo, bamba huondolewa, na alumini iliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu ile ya mchanga. Herufi na bamba vinatoka vikiwa kitu kimoja. (Karakana inayojulikana zaidi kwa kazi hii, Sewah Studios ya Marietta, Ohio, imekuwapo tangu 1927, jina lake ni Hawes, mwanzilishi, lililosomwa kinyumenyume.) Mkitumiwa nakala ya mwisho ya kuidhinisha, mtu mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye waraka wa asili, mwingine afuate kwa kidole kwenye nakala. Tarehe zisomwe tarakimu moja moja. Kisha mtu ambaye hajawahi kuiona asome kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Macho yaliyozoea rasimu hayaoni 1868 ikigeuka 1886.

SWALI (Ohio): Kibao kimefika. Tukisimike wapi na vipi? Wengine wanataka kiwe pale daraja linapoanza.

JIBU: Si pale. Mdomoni mwa daraja barabara inakuwa nyembamba, dereva anatoka kwenye jua anaingia gizani, na hakuna pa kuegesha. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kibao cha maneno 60 kinahitaji kama sekunde 20 kukisoma, yaani zaidi ya mita 400 za barabara. Maana yake hakuna atakayekisoma akiwa mwendoni. Tafuteni mahali penye pa kuegesha gari, hata kama ni mita 100 kutoka darajani, na kibao kiwe upande uleule wa maegesho ili watu wasivuke barabara.

Pateni idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, au ya idara ya usafirishaji ya jimbo au ya kaunti kama ni ndani ya ukanda wa barabara. Wao ndio watakaowaambia nguzo iwe umbali gani kutoka kwenye lami na iwe ya aina gani, kwani ndani ya umbali fulani nguzo lazima iwe ya kuvunjika ikigongwa. Siku kadhaa kabla ya kuchimba pigeni 811. Ni bure, na watakuja kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya zilizofukiwa.

Shimo la kipenyo cha sentimita 30 na kina cha sentimita 90 linabeba lita 64 hivi za zege. Mfuko wa zege kavu wa ratili 80 hutoa kama lita 17, kwa hiyo nunueni mifuko minne. Kina hicho hakitoshi kila mahali. Kaskazini udongo huganda chini zaidi ya hapo, na zege la shimo fupi husukumwa juu na barafu mwaka baada ya mwaka mpaka nguzo inalala. Ulizeni ofisi ya ujenzi ya kaunti kina cha udongo kuganda, mshuke chini yake. Wekeni kokoto sentimita 10 chini ili maji yapite. Pimeni wima kwa timazi pande mbili zinazokutana pembe mraba, mshikize nguzo kwa mbao, na juu ya zege muache mteremko kidogo kutoka kwenye nguzo ili maji yasikae shingoni.

Kibao msikipachike siku hiyohiyo. Bamba la alumini la mita moja kwa mita moja lenye unene wa milimita 12 lina zaidi ya kilo 32, tena upepo unalisukuma kama tanga. Ipeni zege wiki. Nguzo ikiwa ya alumini, sehemu inayoingia kwenye zege ipakwe lami kwanza, kwa kuwa zege bichi huila alumini. Ikiwa ya chuma, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu na katikati ya metali mbili muweke washa za nailoni. Bila hizo, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi itaanza kuitafuna alumini pale bolti ilipo, na rangi itavimba kama malengelenge kuzunguka tundu.

SWALI (Vermont): Kibao cha zamani kimefifia. Tunaweza kukipaka rangi wenyewe?

JIBU: Kama ni cha jimbo, si chenu. Pelekeni taarifa kwa ofisi inayokisimamia. Kikiwa cha chama, kioshwe kwa maji, sabuni laini na brashi ya nywele. Brashi ya waya na mashine ya maji ya kasi huondoa na ile rangi iliyo salama. Palipobanduka, sugueni kwa msasa mwembamba hadi rangi nzima inayozunguka, mpake kwanza rangi ya msingi inayoshika alumini (rangi ya kawaida ikipakwa juu ya alumini tupu hubanduka kama ngozi), halafu ya mandharinyuma. Ikikauka kabisa, herufi zipakwe kwa rola ndogo ngumu, isiyo na manyoya, yenye rangi kidogo sana, ikipitishwa bila kukandamizwa. Rola laini huzama kati ya herufi. Rangi ikiteremka, ifuteni papo hapo kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti.

SWALI (New York, tena): Daraja likichukuliwa na maji, kibao cha fundi kibaki?

JIBU: Kibaki, mradi hakisemi "daraja hili bado limesimama". Daraja la Blenheim, hukohuko New York, ambalo Nichols Powers alilimaliza mwaka 1855, lilisombwa na mafuriko ya kimbunga Irene tarehe 28 Agosti 2011. Lililopo sasa ni jipya, la 2018. Bridgeton kule Indiana, kazi ya J. J. Daniels ya 1868, lilichomwa moto mwaka 2005 na lingine likajengwa mwaka uliofuata. Katika hali kama hizo, andikeni mwaka na jina la fundi kwa wakati uliopita tangu mwanzo: "Mwaka 1855 alijenga hapa." Sentensi hiyo haiguswi na mafuriko. Lile jipya, kama mnataka kulitaja, lipate kibao chake kidogo pembeni, chenye mwaka wake.